GIZA LA SHIMO NA MALI YA UKOO: Usawiri na Uwakilishi wa Watu wa Walikale katika Filamu ya Bisie

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa Kiswahili, maneno "usawiri" na "uwakilishi" hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja. Hata hivyo, kusawiri ni kumchora mtu, ilhali kuwakilisha ni kusimama mahali pake na kusema kwa niaba yake. Msanii anaweza kumsawiri mtu kwa ustadi bila ya kumpa nafasi ya kusema. Vilevile anaweza kudai kwamba anamwakilisha, hali mwenyewe hakumtuma. Tofauti hii hujitokeza wazi zaidi katika filamu ya hali halisi, kwa sababu wanaosawiriwa humo si wahusika wa kubuni. Ni watu wenye watoto, mashamba na madeni, na yale yasemwayo juu yao huweza kuwarudia na kuyabadili maisha yao.

Makala haya yanaichunguza tofauti hiyo kwa kutumia filamu moja, Blood in the Mobile, iliyoongozwa na Frank Piasecki Poulsen wa Denmark na kutolewa mwaka 2010. Kiini cha filamu hiyo ni safari ya kwenda Bisie, machimbo yaliyomo katika wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba filamu hiyo ina watu wa namna nyingi, lakini inawagawia kazi zisizolingana. Tena, jambo kubwa inaloliacha pembeni ni kwamba utajiri wa Bisie, kabla haujawa suala la simu za mkononi, ulikuwa suala la ukoo: nani mwenye ardhi, nani mrithi, na nani agawiwe nini.

2. Mahali na mali

Walikale ni wilaya kubwa ya misitu iliyoko magharibi ya Masisi. Kwa mujibu wa utawala wa kienyeji, imegawanyika katika sekta mbili, Wanianga na Bakano. Wakazi wake ni pamoja na Wanyanga, Wakano, Wakumu na Batwa, na kila jamii ina lugha au lahaja yake, desturi zake na kumbukumbu zake za namna ilivyofika pale ilipo. Kiswahili ndicho lugha inayowaunganisha sokoni, njiani, kambini na machimboni. Kwa hiyo mtu anayezungumza juu ya "mtu wa Walikale" hana budi kueleza ni mtu yupi.

Bisie imo katika sekta ya Bakano. Uchimbaji wa kasiterite, yaani jiwe litoalo bati, ulianza hapo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na katika muda mfupi maelfu ya watu walikuwa wamehamia mlimani. Palizuka mji wa maturubai na mbao, wenye maduka, baa, makanisa na nyumba za kulala wageni. Mizigo ya mawe ilibebwa mgongoni kwa zaidi ya kilomita 40 za njia ya msituni hadi Njingala. Kutoka hapo ilipelekwa Mubi na kupakiwa katika ndege ndogo, ambazo zilikuwa zikitua juu ya barabara ya lami huko Kilambo, kisha ikapelekwa Goma. Bati hutumika kulehemu sehemu za vyombo vya umeme, na hapo ndipo simu inapoingia katika kisa hiki.

Msitu wa Bisie, hata hivyo, haukuwa pori lisilo na mwenyewe. Koo mbili, Bangandula na Bassa, zilishindana kwa kudai haki ya kimila juu ya mlima huo. Ushindani huo ulipata nguvu mpya makampuni yalipowasili. Kampuni moja ilijiita Groupe Minier Bangandula, na kwa kufanya hivyo ilivaa jina la ukoo kama mtu avaavyo joho la aliyemlisha kiapo. Kampuni nyingine, Mining and Processing Congo, ilipata kibali cha utafiti kutoka Kinshasa mwaka 2006. Kuanzia hapo madai ya kimila, madai ya karatasi za serikali na madai ya wachimbaji waliokwisha kutoa jasho lao yalikutana juu ya mlima mmoja. Mlima huohuo ulikuwa chini ya wanajeshi wa brigedi ya 85, waliojitwalia sehemu ya mapato hadi walipoondolewa mwaka 2009 na nafasi yao kushikwa na wanajeshi wengine.

Kwa ufupi, mgogoro wa Bisie ulikuwa na tabaka zaidi ya moja. Tabaka la bunduki lilionekana haraka kwa mgeni. Tabaka la nasaba lilihitaji mtu akae, asikilize na aulize nani ni mtoto wa nani.

3. Filamu na mgawanyo wake wa kazi

Msuko wa filamu ni rahisi kufuatwa. Mwongozaji mwenyewe ndiye mhusika mkuu. Anataka kujua kama simu yake ina madini yaliyogharimia vita. Anakwenda kwenye kampuni ya Nokia nchini Finland kuuliza, anasafiri Kongo, anafika Bisie na kuingia ndani ya shimo, anakwenda Ujerumani kwa mtaalamu anayetafuta njia ya kutambua asili ya jiwe, anakwenda Washington, ambako sheria ya kudhibiti biashara hiyo inaandaliwa. Mwishowe hurudi kwa wenye kampuni na swali lake.

Ni haki kuanza na sifa za kazi hii. Kufika Bisie wakati ule kulikuwa jambo la hatari. Ukatili uliokuwa ukitendwa katika wilaya ya Walikale haukuwa uvumi: kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2010, makundi ya wenye silaha yaliwabaka mamia ya watu katika Luvungi na vijiji vya jirani. Filamu iliyowalazimisha watumiaji wa simu wa Ulaya kuitazama Walikale ilitimiza kazi ambayo magazeti mengi hayakuitimiza. Aidha, swali lake kwa kampuni ni swali halali.

Kasoro iko katika mpangilio wa sauti. Tukiwapanga wahusika kwa mahali na kwa kitendo, tunapata picha hii. Walikale watu huchimba, hubeba, hutisha au hutishwa. Finland watu huulizwa na kujieleza. Ujerumani watu hujua. Washington watu huamua. Anayeyaunganisha maeneo haya yote ni msafiri mmoja, na maarifa ya filamu hukua kadiri yeye anavyojifunza. Mwafrika aliye karibu zaidi na kamera ni kijana aliyewahi kufanya kazi machimboni, ambaye anamwongoza mgeni. Katika istilahi za uhakiki wa fasihi, huyo ni mhusika msaidizi. Anaijua njia, lakini swali linaloendesha kisa si lake.

Basi anuwai ya nyuso ipo. Kuna weusi na weupe, wakubwa na wadogo, wenye suti na wenye matope. Kama uwakilishi ungekuwa ni kuhesabu nyuso, filamu hii ingefaulu. Lakini uwakilishi hupimwa pia kwa vitendo anavyoruhusiwa mhusika: je, anaruhusiwa kumiliki, kudai, kukosea, kujadiliana, kuapa, kusamehe? Au anaruhusiwa kuteseka tu?

Giza la shimo lina kazi yake katika mpangilio huo. Shimoni kamera huona uso ulioangazwa na tochi, mkono, nyundo na ukuta wa mwamba. Haioni shimo ni la nani. Bisie kila shimo lilikuwa na mkuu wake, aliyeitwa PDG kama vile anavyoitwa mkurugenzi wa kampuni mjini, na chini yake kulikuwa na kundi la wachimbaji waliogawana mawe kwa mafungu. Palikuwa na wafanyabiashara waliotoa chakula na vifaa kwanza ili walipwe kwa mawe baadaye. Kwa hiyo aliyekuwa ndani ya giza alikuwa ndani ya mikataba, ya mdomo aghalabu, lakini mikataba iliyojulikana. Akisawiriwa bila mikataba hiyo, huonekana kama mtu aliyetumbukia ardhini bila ya sababu. Ikielezwa, huonekana kama mtu anayejaribu, katika hali mbaya, kupata mtaji, mahari au karo ya shule.

Wanawake ndio wanaopungukiwa zaidi. Uchumi wa Bisie usingesimama siku tatu bila wale waliopandisha mlimani unga, mchele, mafuta ya mawese na nguo, waliopika na waliokopesha. Lakini kwa kuwa filamu imechagua shimo kuwa moyo wa kisa, na shimo ni mahali pa wanaume, wanawake hubaki pembezoni mwa picha. Hapa kutokuwapo kwao si bahati mbaya. Ni matokeo ya kuamua mapema kwamba ukweli wa mahali uko ardhini.

4. Walikale ilivyosimulia mali ya ukoo

Ingekuwa rahisi kusema kwamba kisa cha nasaba na ardhi ni kigumu mno kwa hadhira. Fasihi simulizi ya Walikale yenyewe inalikanusha jambo hilo. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, msimulizi Candi Rureke alitamba utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12. Daniel Biebuyck, akishirikiana na Kahombo Mateene, aliuchapisha mwaka 1969 katika Kinyanga pamoja na tafsiri. Kwa kila kipimo, utendi huu ni kisa cha giza juu ya mali ya ukoo.

Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anawaamuru wake zake saba wazae mabinti tu, na kwamba mtoto wa kiume akizaliwa atauawa. Wachambuzi wameihusisha amri hiyo na tamaa ya mahari pamoja na hofu ya mrithi. Mwindo anazaliwa hata hivyo. Baba yake anamtupia mikuki, anamzika, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni. Mtoto anaokoka, anafika kwa Iyangura, shangazi yake, kisha anarudi Tubondo akisaidiwa na wajomba zake. Shemwindo anakimbilia kuzimu. Mwindo anamfuata chini ya ardhi, na huko anapewa kazi ngumu na Muisa, na baadaye anacheza kamari na Sheburungu hadi karibu kupoteza kila alichonacho kabla ya kushinda.

Mambo matatu katika utendi huo yanafaa kulinganishwa na filamu. Kwanza, anayeshuka chini ya ardhi ana kamba, na mwisho wa kamba hiyo umeshikwa juu na Iyangura. Kamba ikitikisika, shangazi hujua kwamba yu hai. Msimulizi wa Kinyanga hakumwacha mtu gizani peke yake, bali alimwonyesha pia aliyebaki juu akisubiri, na aliyebaki juu ni mwanamke mwenye mamlaka katika ukoo. Pili, mkosaji hana uso mmoja tu. Shemwindo ni mdhalimu, lakini ni baba pia, na lengo la msako ni kumrudisha nyumbani. Tatu, kisa hakiishii shimoni. Kinaishia barazani, mbele ya watu wote, ambapo Shemwindo anakiri kosa lake, Iyangura anamkaripia hadharani kwa kuwabagua watoto wake, na nchi inagawanywa ili baba na mwana kila mmoja awe na mlima wake.

Haidaiwi hapa kwamba filamu ya mwaka 2010 ilipaswa kuiga utendi. Linalodaiwa ni kwamba jamii iliyosawiriwa kama isiyo na maneno ilikuwa na njia iliyokomaa ya kusimulia jinsi mali inavyoivunja familia na jinsi familia inavyoweza kuzungumza tena. Ugomvi wa Bangandula na Bassa, walio majirani wa Wanyanga katika wilaya hiyohiyo, ungeweza kueleweka na hadhira yoyote iliyowahi kuona ndugu wakigombea shamba la marehemu. Ni jambo linalojulikana Copenhagen kama linavyojulikana Mubi.

5. Matokeo ya picha

Wakati filamu ilipokuwa ikitolewa, hatua za kisheria zilikuwa zimeanza. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yanayouza hisa zake Marekani yaeleze kama bati, tantali, tungsteni au dhahabu wanayotumia inatoka Kongo au nchi jirani. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri hiyo iliondolewa Machi 2011, lakini wanunuzi wengi wa nje walikwisha kujitenga na madini ya eneo hilo.

Si sahihi kuitwisha filamu moja mzigo wa hatua hizo. Lakini sheria, amri na filamu zilikuwa na usawiri mmoja: Bisie ni shimo, askari na simu. Kutokana na usawiri huo, suluhisho lilionekana kuwa kukata uhusiano kati ya shimo na simu. Wale ambao usawiri huo haukuwaonyesha ndio walioathirika bila kutajwa, yaani mama aliyekwisha kukopesha magunia ya unga, mkuu wa shimo aliyekuwa na deni Mubi, mzazi aliyetegemea mawe kulipa ada za walimu. Mtu asiyeonekana katika picha hakumbukwi wakati wa kuandika kanuni.

Swali la ukoo nalo halikufungwa. Kampuni ya Alphamin, iliyorithi vibali vya eneo hilo, ilianza kutoa bati kibiashara mwaka 2019. Mwaka 2024 ilitoa takriban tani 17,000, yaani karibu asilimia 6 ya bati ya dunia nzima. Machi 2025 kazi ilisimamishwa wapiganaji wa M23 walipoelekea mji wa Walikale na kuuteka. Walipoondoka mwanzoni mwa Aprili, kazi ilianza tena hatua kwa hatua. Katika vipindi vyote hivyo, nani anazungumza kwa niaba ya wenye ardhi, na kwa idhini ya nani, limebaki kuwa swali la kila mkutano wa kijiji. Ni swali la uwakilishi kwa maana yake kamili ya Kiswahili.

6. Kamera katika mikono mingine

Mjadala juu ya nani amsawiri nani umekuwa mkubwa katika Kivu yenyewe. Huko Goma, kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimewafunza vijana kushika kamera. Mwaka 2020 Joris Postema wa Uholanzi alitoa Stop Filming Us, filamu iliyopigwa Goma na kuuliza kama mgeni anaweza kuisawiri Kongo bila kurudia picha za zamani. Bernadette Vivuya na Kagoma Twahirwa waliona kwamba hata swali hilo bado liliulizwa na mgeni. Mwaka 2022 wakatoa Stop Filming Us But Listen, wakiupanga upya mjadala kutoka upande wa Wakongomani.

Mfano mwingine ni Maman Colonelle ya Dieudo Hamadi, iliyotolewa mwaka 2017. Mhusika wake, ofisa wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, anasikiliza mashauri ya watoto walioteswa na wanawake walioumizwa na vita. Watu hao wana maumivu makubwa kama ya Bisie, lakini wanadai, wanabishana, wanapingana na kupanga, na wanafanya hivyo katika lugha zao. Mtazamaji hawajui kwa sababu mgeni amewaeleza. Anawajua kwa sababu amewasikia wakijadiliana wenyewe kwa wenyewe.

Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapohusika moja kwa moja. Katika filamu nyingi juu ya Kivu, Kiswahili husikika chini ya sauti ya msimulizi, au hufupishwa katika maandishi ya chini ya picha. Maneno kama "mali", "riziki", "deni", "fungu" na "mwenyeji" yana uzito wa kisheria na wa kijamii. "Mwenyeji" anaweza kuwa mkazi tu, lakini machimboni anaweza kuwa mtu anayedai haki ya ukoo wake juu ya mlima. Mfasiri anayeandika "mkazi" katika nafasi hiyo amemnyang'anya msemaji dai lake kwa neno moja, na mtazamaji wa mbali hatajua kamwe kwamba dai lilitolewa.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba filamu inaweza kuwa na anuwai ya watu na bado ikapungukiwa na uwakilishi. Filamu ya Bisie iliwasawiri watu wa Walikale katika giza la shimo kwa ujasiri ambao hauna budi kusifiwa. Hata hivyo haikuwasawiri kama warithi, wadai, wadaiwa, mashangazi na wajomba, na kwa hiyo mgogoro wa mali ya ukoo uligeuka kuwa hadithi ya dhamira ya mtumiaji wa simu.

Kazi mbili ziko mbele ya idara za Kiswahili katika vyuo vya Goma, Bukavu, Kisangani na kwingineko. Ya kwanza ni kuyachunguza upya maandishi ya chini ya filamu zilizokwisha kutolewa juu ya Kivu, neno kwa neno, na kuonyesha ni madai gani yaliyopotea katika tafsiri. Ya pili ni kukusanya, katika Kiswahili, Kinyanga na lugha ya Wakano, masimulizi ya waliofanya kazi Bisie tangu miaka ya 2000: wakuu wa mashimo, wabeba mizigo, wanawake wa biashara na wazee wa koo zote mbili. Wengi wao wangali hai, lakini vita vimewatawanya kutoka Mubi, Njingala na Walikale mjini, na kila mwaka unaopita hupunguza idadi ya wanaoweza kueleza shimo lilikuwa la nani, lilichimbwa kwa makubaliano gani, na kila mmoja alitoka na fungu gani.